Shupaza Tatu Mbele ya Katekista

Harufu ya magome ya miti ya miwati yanayokauka ndiyo harufu ya Jumapili kwangu. Nyuma ya ukumbi wa parokia yetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, kulikuwa na banda la magome hayo, na mwezi wa Juni, ukungu ulipogoma kuondoka hadi mchana, harufu yake kali iliingia ukumbini ikachanganyika na moshi wa jiko la mkaa lililowekwa chini ya meza kutupasha miguu. Hapo ndipo watu wazima wa parokia walipocheza briji baada ya misa. Nikiwasimulia watu wa mbali hucheka, maana wanadhani Njombe ni viazi na baridi tu. Huwaacha wacheke kwanza. Kisha huwaambia kwamba mama yangu, mshonaji wa kanzu za mapadre, alifundishwa mchezo huo na sista mmoja mgeni aliyekuwa akishona naye, kwamba mama akamfundisha baba, na kwamba kwa miaka mingi pale ukumbini hapakuwa na jozi iliyowanyima watu raha kama wao wawili.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, wachezaji ni wanne, wawili wawili wanaotazamana, na kila mmoja ana karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza, kila mtu kwa zamu yake hutamka ahadi ya mizunguko ambayo yeye na mwenzake watakula, akitaja aina ya karata na idadi inayozidi sita, au husema pasi. Anayefuata akitaka kuahidi lazima apande juu zaidi, na mwenye ahadi kubwa asipoitimiza anaumia. Ukiwa na karata nzuri huna cha kuwaza sana. Mama alizipenda zile mbovu, kwa sababu hapo ndipo mtu anapopaswa kuamua anyamaze, aseme kidogo, au aruke juu ghafla awazibie njia wenye mali. Nilipokuwa nikinuna kwa kupata takataka aliniambia, "Usizinunie. Zitazame kwanza, huenda kuna kazi moja zinaiweza."

Nilikuwa darasa la sita baba alipohamishiwa stesheni ya reli ya Makambako, akawa anakuja nyumbani kwa nadra. Kiti chake kikabaki wazi. Pale mezani ilikuwa desturi kwamba asiye na mwenzake anawapisha wengine, na wanaume waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwepo. Mzee Mligo, katekista wetu, alilisema jambo hilo kwa upole: "Mama Tumaini, ukipata mwenzako utarudi." Mama alikuwa mwanamke pekee mezani pale. Juma zima aliinamia cherehani akishona alichoagizwa, na Jumapili ndiyo siku aliyoamua mwenyewe la kufanya, huku watu wakisubiri aseme. Hakuinuka. Alisema, "Mwenzangu ninaye, Mzee," akanivuta mkono. Watu waliguna, lakini Mzee Mligo akatupa Jumapili mbili. Tukishindwa zote, kiti kinakwenda kwa wengine.

Jumapili ya kwanza niliharibu. Nilipata karata saba za uru na kando yake hamna kitu, na mama alikuwa amenifundisha juma zima, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwamba mwenye karata za namna hiyo anaruka moja kwa moja hadi tatu. Lakini kuliani kwangu alikaa Mzee Mligo, aliyenifundisha katekisimu hadi nikapokea komunyo, ambaye nilimsalimia kwa kupiga goti, naye alikuwa ameshatamka kopa moja. Kumkatiza mtu kama huyo akiwa amefungua mdomo? Nikasema pasi. Yeye na mwenzake, Mwalimu Nyagawa, wakapanda polepole, wakaelezana kila walichokuwa nacho, wakatufunga vibaya. Njiani kurudi mama aliniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikamjibu, "Mzee alikuwa anaongea." Mama alicheka hadi akatua kikapu chini. Kisha akanishika bega. "Mwanangu, heshima yake mpe mlangoni, yote, wala usibanie. Ukishakaa, mpe kazi."

Jumapili ya pili nilimkuta Mzee mlangoni. Nikapiga goti, "Kamwene, Mzee, shikamoo," na nikaipokea marahaba yake kikamilifu. Tulicheza hadi ukabaki mgao mmoja, tukiwa nyuma kidogo tu. Nikafungua karata zangu: shupaza saba, ya juu kabisa malkia, na nyingine zote za kutupa. Mzee akasema uru moja. Nilihisi joto la jiko likinipanda hadi masikioni. Nikamtazama mama, naye alikuwa anatazama karata zake tu. "Shupaza tatu," nikasema, maana yake tutakula mizunguko tisa kati ya kumi na tatu. Mzee Mligo akavua miwani. "Mama Tumaini, huyu mtoto ana nini?" Mama akamjibu kwa adabu kabisa, "Ana zamu yake, Mzee."

Mwalimu Nyagawa alikuwa na kopa nyingi nzuri, na bila mimi angezitamka chini kabisa, kwa raha zake. Sasa ilimbidi aseme kopa nne. Mzee hakuwa na kopa, na hakuwa tena na nafasi ya kumuuliza mwenzake chochote, akakimbilia uru tano, ahadi ya mizunguko kumi na moja. Wakala kumi, wakapungukiwa mmoja, nasi tukawapita. Mzee alitaka kuona nilichokuwa nacho, akazigeuza karata zangu na kumkuta yule malkia peke yake kati ya vijukuu. "Na hizi ndizo ulizonirukia?" "Ndiyo, Mzee." Akazikusanya, akaanza kuchanganya taratibu. "Mama Tumaini," akasema, "kiti ni chenu." Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia jina hilo la mama, lenye jina langu ndani yake, siku ile, na nilimwona akikaza kilemba chake ambacho hakikuwa kimelegea.

Baba alipostaafu alirudi, akasimama nyuma ya kiti changu akingoja nimpishe. Nilianza kuinuka. Mama akasema, "Kaa," na baba akaenda kutafuta mwenzake.

Leo naishi Makambako, nina duka la mbegu na mbolea. Ukumbi umewekwa vigae, banda la magome halipo, na vijana wengi wanacheza karata kwenye simu na watu wasiowaona. Meza ipo bado. Mama anacheza kwa karata zenye namba kubwa, na Jumapili ninazopata nafasi napanda gari hadi Njombe kukaa mbele yake. Mwezi uliopita kushotoni kwangu alikaa binti mmoja wa shule, aliyenisalimia mlangoni kwa goti. Nilitamka shupaza moja. Akazitazama karata zake, akanitazama mimi, nikaujua ugonjwa wake. "Shikamoo yako niliipokea mlangoni," nikamwambia. "Sema." Akasema kopa nne. Nilikuwa na karata nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, na sikuwa na pa kuzisemea. Mama, mbele yangu, alijifunika mdomo kwa karata zake, mabega yakimcheza kwa kicheko.