Fyekeo Pana la Mzenga

Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Mlandizi. Baba aliletwa na mkonge, akaukata mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mimi nikapanda daraja kidogo, nikawa dereva wa trekta. Kwa Wazaramo waliotuzunguka sisi ni watani, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Mtani wako anaweza kukuvua kofia msibani akaondoka nayo, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Hilo nilifundishwa tangu mdogo. Sikufundishwa kwamba mtani akisema jambo la kweli hana pa kulipeleka.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mzee mmoja wa Mzenga, Mzaramo wa kupindukia, alinunua trekta dogo la mzungu mmoja wa Zegereni aliyekuwa anarudi kwao. Ili alipate, aliuza minazi ya Marui aliyoachiwa na baba yake. Dada yake alikataa katakata. Alisema minazi ile imewalea wote wawili, na kwamba hajawahi kuona chuma kikizaa. Mzee akamjibu kwamba chuma kitafyeka shamba la mikorosho, korosho zitaangukia mahali peupe na kuokotwa zote, na minazi itarudi mkononi. Hakuwa na mpango mwingine. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimekaa juu ya magurudumu yale.

Akaniajiri mimi kuliendesha. Tulikwenda pamoja kulichukua.

Mzungu alikuwa na mafyekeo mawili ya kuvutwa na trekta, yale yenye mapanga yanayozunguka chini ya bati. Moja lilikuwa jembamba, mwenzake wa lile trekta dogo. La pili lilikuwa pana, limezidi trekta kila upande, na lilikuwa la trekta kubwa ambalo mzungu alikwisha kuliuza. Mzee akayazunguka yote mawili, mikono nyuma, halafu akaligonga lile pana kwa fimbo.

"Tutachukua hili. Linamaliza mapema."

"Mtani, hilo ni la trekta kubwa," nikamwambia. "Hiki kitoto hakiliwezi. Kitachemsha."

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Nyinyi watu wa kubeba mizigo kichwani, mnajua nini habari za injini?"

Mzungu naye akacheka, ingawa hakuelewa kilichosemwa. Tukalifunga lile pana.

Sikuwa nimesema jambo la ajabu. Injini ndogo ina nguvu ndogo, na nguvu hizo hizo ndizo zinazosukuma magurudumu, zinazozungusha mapanga kule nyuma, na zinazozungusha feni kule mbele. Vyote hivyo vinakula sahani moja. Mapanga yakiwa mapana, nyasi zikiwa nene, yanakula peke yao. Injini inapungua mwendo, feni inapungua upepo, na maji kwenye rejeta yanaanza kuchemka wakati ule ule ambapo yangetakiwa kupoa. Ongeza juu yake mbegu za nyasi zinazoruka na kuziba uso wa rejeta. Basi, umepika injini.

Nilijaribu kumweleza kwa njia zote. Nilimweleza shambani, akacheka. Nilimwapia, akawaita jirani zake waje wamsikie Mnyamwezi anavyoapa. Nikaona labda ni namna ninavyomwendea. Ijumaa moja nikavaa kanzu, nikavua viatu mlangoni kwake, nikasema "Shikamoo" kwa sauti ya chini, jambo ambalo hatukuwahi kufanyiana, nikakaa kwenye mkeka na kumwambia kwa unyenyekevu kwamba fyekeo lile litamuulia trekta. Mkewe alilazimika kutoka nje kwa kucheka. Mzee mwenyewe alifuta machozi kwa pindo la shuka. Jioni, msikitini, alinisifu mbele ya watu. Alisema watani wapo wengi, lakini huyu wangu amekamilika.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikasirika nikakosa usingizi. Lakini hasira ya mtani nayo ni kichekesho, basi nikaimeza.

Nikaamua kulifanya lile fyekeo liwe dogo kwa ujanja. Nilikuwa nafyeka nusu upana, nusu nyingine ya fyekeo ikipita pale nilipokwisha kufyeka. Gia ya chini, mapanga yameinuliwa kidogo. Kila nikimaliza mistari michache nasimama, naiacha injini ipumue, napangusa rejeta kwa fagio la chelewa. Mshale wa joto ulikuwa unapanda, unasita, unashuka. Kazi ilikuwa inakwenda. Polepole, lakini inakwenda, na trekta lilikuwa zima.

Mzee akaja kutazama. Akasimama kwenye kivuli cha mkorosho, akaniangalia nikifagia rejeta.

"Wewe umekuja kufyeka au kufagia uwanja?"

"Nalipoza, mzee. Ukilipeleka upana wote litakufa."

"Korosho zinaanguka ndani ya nyasi, wewe unalilamba shamba kama ng'ombe kibogoyo! Shuka. Leo nitakuonyesha Mzaramo anavyofanya kazi."

Nikashika usukani. Nikasema sishuki. Akaona huo ndio utani wa mwaka, akaniteremsha kwa kunivuta mguu, huku wanawake waliokuwa wakiokota korosho wakipiga makofi. Dada yake pia alikuwepo siku ile, amekuja toka Marui kuona hicho kilichokula minazi ya baba yao.

Kuendesha alikuwa anajua, nilimfundisha mwenyewe. Akalishusha fyekeo mpaka chini, akaingia kwenye nyasi zilizokuwa bado hazijaguswa, upana wote. Injini ikatoa mlio mzito, wa mtu anayenyanyua gunia lisilo lake. Mzee akaongeza mafuta. Mshale wa joto ukaanza kupanda, na yeye akanipigia kelele kutoka juu ya kiti, amefurahi kwelikweli:

"Unaona? Nguvu zinapanda!"

Yaani alidhani mshale ule unapima nguvu.

Nikatimua mbio. Nikalipita trekta, nikageuka mbele yake, nikawa narudi kinyumenyume huku nikipunga mikono yote miwili, narukaruka, nalia "Zima! Zima, mzee! Zima!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akaokota debe lake, akaanza kunipigia ngoma. Kadiri nilivyoruka ndivyo debe lilivyokolea, na mzee juu ya kiti akawa anatikisa mabega kuifuata ngoma.

Mvuke ukatoka kwenye rejeta, mweupe, mwingi. Injini ikagonga, ikagonga tena, ikanyamaza. Debe nalo likanyamaza.

Mzee akabaki ameshika usukani. "Limezimika," akasema. "Liwashe."

Nikangoja lipoe. Nilingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilijua. Halafu nikachukua hendeli ya kuwashia injini, nikaitia mahali pake pale mbele, nikazungusha. Haikusogea. Nikaikanyaga kwa mguu, nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote. Haikusogea hata kidogo. Kule ndani vyuma vilikuwa vimekwisha kushikana.

Nikahisi uchungu wa ajabu. Nilitaka kumtukana na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote.

Dada yake alielewa kabla ya wote. Alijifunga kanga upya, akaenda kukaa peke yake chini ya mkorosho, ametupa mgongo.

Mzee akateremka. Akaja mpaka niliposimama, akaitazama hendeli, akanitazama mimi.

"Haya, mtani. Litapona?"

"Halitapona, mzee. Injini imekufa."

Alinikazia macho usoni, midomo imeshaanza kufunguka kwa tabasamu, akingoja nicheke.