Mkebe wa Dadu

Kila Jumamosi alasiri fundi saa huweka dadu moja mbele yake mezani, na nyingine nne huzifungia ndani ya mkebe wa skurubu. Katika mchezo wa hadithi na dadu anaoucheza na wenzake, yeye ni mwizi mwenye kisu kifupi, na kisu hicho huumiza kweli pale tu adui anaposhughulishwa na mtu mwingine. Hapo ndipo mkebe hufunguliwa, na dadu zile nne huongezwa kwenye pigo lake. Vidole vyake, vilivyozoea vitu vidogo, hutulia juu ya kifuniko kana kwamba vinasikiliza. Leo jitu wanalopigana nalo limekwisha kuwaangusha wenzake wawili, na likipata zamu moja tu, safari ya mwaka mzima imekwisha. Limebakiwa na uhai wa pointi kumi na tano. Aliyebaki naye ni shemeji yake, mganga, ambaye tangu mwanzo hujificha nyuma ya wengine.

"Shemeji, sogea hatua moja."

"Nikafe? Mimi hata fimbo sina."

"Usipige. Simama karibu tu, likutazame wewe."

Shemeji akaguna, akaisukuma kete yake hadi miguuni pa jitu. Fundi akafungua mkebe, akarusha dadu zote tano. Kumi na tisa. Jitu chini. Wakati wenzake wakipigana mabega kwa furaha, yeye alizikusanya zile nne taratibu, akazifungia, akauweka mkebe mbele ya shemeji.

"Kaa nao wewe," akasema. "Hizi hazijawahi kuwa zangu."