Namba Nzuri ya Kituo cha Mwisho

Nilipopunguzwa kazi kwenye mashamba ya ngano, waliotupunguza walisema nchi imefungua milango. Mimi nilionyeshwa mlango mmoja tu, wa kutokea. Mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mpya nikapata kibarua Katesh, kwenye mradi wa maji: kutunza jenereta na kompyuta moja kuukuu. Darasa langu la saba likatosha.

Maji yalitakiwa kuteremka kutoka tangi la mlimani, yapite mamia ya maungio ya mabomba, hadi vituo vya kuchotea. Kituo cha mwisho kabisa kilikuwa kijijini kwetu, upande wa Dirma. Huko mke wangu alikuwa anaondoka asubuhi na punda, anarudi mchana na maji yenye rangi ya chai ya maziwa.

Mhandisi alikuwa binti mdogo mwenye heshima. "Shikamoo baba," akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta. "Nguvu ya maji ya kila kituo inategemea jirani zake. Kuvijua vyote kwa mpigo hatuwezi, ni vingi mno. Kwa hiyo tunakisia."

"Serikali inakisia?"

"Tunakisia, halafu tunasahihisha."

Akaeleza. Kompyuta inaanza kwa kudhani kila mahali pana nguvu ya maji kama ya tangini. Inapita kituo kwa kituo, inakirekebisha kila kimoja kwa kutazama jirani zake, ikimaliza inarudi mwanzo. Mzunguko baada ya mzunguko, uongo unapungua. "Namba zikitulia kabisa, bonyeza hapa, uchapishe." Akaenda Masakta kupima njia ya mabomba.

Nikakaa. Kwenye kioo namba za karibu na tangi zilitulia mapema. Ya kwetu, chini kabisa, iliendelea kushuka, lakini kidogo kidogo, tarakimu za nyuma ya nukta tu. Mimi nimekulia kwenye vikao vya Wairaqw. Kila mtu anasema, tunazunguka tena, na watu wakianza kurudia yale yale mwenyekiti anafunga. Nikaona hii mashine nayo imeanza kurudia. Na nikiri: namba ya kijiji chetu ilikuwa kubwa, inapendeza. Ya nini kuichokoza?

Bosi wa mradi akachungulia. "Karatasi iko wapi? Gari la Babati linaondoka!"

"Iko tayari, mkuu," nikabonyeza.

Kwa karatasi ile ofisi ya Babati ikaona kwetu kuna nguvu nyingi, mabomba membamba yatatosha, ikatununulia hayo. Siku ya ufunguzi kituo chetu kilikohoa hewa mara mbili, kikanyamaza. Wanawake wakatazama ndoo zao. Mzee mmoja akamnyooshea mhandisi kidole, akasema, "Katoto haka kametudanganya." Wakamwambia binti wa watu asikanyage tena kijijini, na bosi akaitikia kwa kichwa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wiki nzima nilijifanya mgonjwa wa tumbo. Kisha binti akarudi ofisini, akaiwasha hesabu upya, akanitaka nimsomee namba ya mwisho kila mzunguko. Nikasoma. Ikashuka. Ikashuka tena, kidogo tu, ila haikuchoka. Ilipofika pale nilipoibonyezea ikapita kama haipajui, ikaendelea kwenda chini.

"Baba, uliizima inatembea?"

"Ilikuwa inatembea polepole."

"Polepole mara elfu ni safari, baba."

Nikaenda kikaoni mwenyewe. Nikawataja wenye makosa: bosi aliyeharakisha karatasi akamwachia mtoto wa mwenzake lawama, mhandisi aliyesema "zikitulia" bila kuniambia kutulia ni kiasi gani, na mjinga aliyesimamisha hesabu kwa sababu jibu lilimfurahisha. Huyo wa tatu walimcheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Bosi hakuguswa na mtu. Mhandisi akaombwa radhi, mimi nikapewa jembe: mabomba membamba yafukuliwe, nianze na kipande cha mawe.

"Chimba kwa kukisia," mke wangu alinipigia kelele kutoka ukingoni mwa mtaro, "halafu rudia!"

Tulifukua hadi mvua zikatukuta. Mabomba mapana yalipolazwa, maji yakafika kijijini, membamba lakini safi. Mke wangu akatega ndoo, nami nikanyoosha mkono nifungulie bomba zaidi kidogo.

"Wewe," akasema, "usiguse kitu."