Spika za Bei ya Malori Mawili

Kofi lililoua sikio la kushoto la Mama Besi lilitoka kwa mumewe mwenyewe, kisa koili iliyoungua. Siku hizo mume ndiye aliyekuwa fundi wa spika, na mke kazi yake kumshikia taa na kumchanganyia gundi. Mke akajaribu kuchomelea waya peke yake, koili ikaungua, na mkono ukafika kabla ya neno. Alisikia mlio mmoja mwembamba, kisha upande ule ukanyamaza moja kwa moja. Hakurudi kwao. Alikaa palepale akajifunza kazi yote, kuanzia kubandua karatasi iliyochanika hadi kusuka koili mpya, na siku mume alipoinua mkono tena alimtwanga kwa sumaku ya spika kubwa, juu kidogo ya jicho. Sumaku ile ina uzito wa mtoto anayejifunza kukaa. Mume akaondoka na kovu lake, na karakana ikabaki na mwenye akili.

Kwa hiyo msidhani nawasimulia habari za mwanamke mpole. Mama Besi aligombana na wateja, aligombana na mwenye nyumba, akikosa mtu aligombana na bisibisi. Lakini spika aliyoishona yeye ilikuwa imeshonwa. Na kwa kuwa sikio lilibaki moja, alijizoesha kusikiliza kwa kiganja: anaweka mkono juu ya karatasi ya spika, anafumba macho, anakwambia koili inasugua upande gani. Wenye baa, wenye nyumba za ibada, wenye magari ya matangazo, wote walimfuata yeye na ukali wake wakaumeza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kufokewa naye, mdogo wake wa kiume, ambaye Mama Besi alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Huyu alikuwa dereva wa lori wa mfanyabiashara wa mbao, mtu ambaye mji mzima ulimwita Bosi, hata wale ambao hawajawahi kula senti yake. Bosi alikuwa na desturi moja ya kazi. Mfanyakazi akikosea hafukuzwi kwanza, anapigwa kwanza. Wengine walisema heri hivyo, kibarua kinabaki. Mimi sijui heri ya namna hiyo, lakini ndivyo walivyosema.

Basi Bosi akanunua spika. Si spika hizi unazozijua. Zilikuwa mbili, kila moja ndefu kuliko mtu mzima, mbao yake inang'aa hata unaweza kuchania nywele mbele yake, na bei yake ilikuwa ya malori mawili mapya, tairi na vyote. Dereva ndiye aliyetumwa kuzichukua kwenye bohari ya forodha, safari ya siku mbili, na alilala ndani ya lori pamoja na masanduku yake. Zilipofika, Bosi alikataza mtu yeyote asiziguse. Alivaa glavu nyeupe akafunga waya kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaalika matajiri wenzake waje wasikie mlio wa mwaka.

Zikalia kama redio ya saluni. Sauti nyembamba zilikuwepo, besi hakuna. Wageni walitazamana, wakanywa soda zao taratibu, mpaka mmoja mwenye baa akasema, "Ndugu yangu, za kwangu pale kaunta zina besi kuliko hizi." Wakacheka. Wangemtukana angevumilia, kucheka ndiko kulikomchoma.

Kesho yake alfajiri Bosi alikuwa ameshapata jibu. Dereva alilala na mzigo. Dereva ana dada fundi wa spika. Kikulacho ki nguoni mwako. Matumbo ya spika yametolewa njiani, yamewekwa takataka, na mali halisi iko kwenye karakana ya yule mwanamke. Ukiisikia haraka haraka, hesabu inajibu.

Saa nne vijana wawili wa kiwandani, wapasua mbao wenye vifua vya milango, waliingia kwa Mama Besi bila hodi. Walipindua meza. Walikanyaga karatasi alizokuwa amezianika gundi ikauke. Mmoja alipotaka kuvunja sanduku la spika ya mteja, Mama Besi alimchapa na chuma cha kuchomelea, kilichokuwa cha moto, kwenye mkono. Kijana akamrudishia ngumi ya mdomo. Mama Besi alitema damu, na jino moja likatoka nayo, akalitia mfukoni mwa aproni.

"Mnatafuta nini, wajinga nyie?" akauliza.

"Matumbo ya spika za Bosi. Ndugu yako ameshakula kichapo tangu alfajiri, bado hasemi."

Hapo hasira ikamtoka yote mwilini, ikabaki hofu. Alichukua bisibisi yake, akaichomeka kwenye aproni, akawaambia wampeleke.

Alimkuta mdogo wake kwenye veranda, amefungwa kwenye nguzo kwa waya wa umeme. Karibu naye ulikuwepo ubao wa mbili kwa mbili, umelowa ncha. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja halipo, yaani lipo lakini halionekani. Aliposikia hatua aliinua kichwa.

"Dada, sikugusa kitu," akasema. "Nilikula mkate, nikalala. Basi."

"Najua. Nyamaza, usijichoshe."

Bosi alitoka sebuleni akiwa amekunja mikono ya shati. Alikuwa na sauti ya chini, maana watu wa aina yake wakishapiga hutulia. "Fundi, mimi si mtu mbaya. Rudisha mali yangu nimfungue. Usiporudisha, naanza na vidole vyake. Dereva bila vidole ataendesha nini?"

"Nipe robo saa na spika zako," akajibu Mama Besi. "Nikishindwa kukuonyesha tatizo, anza na vyangu."

Aliingia sebuleni na damu mdomoni, Bosi nyuma yake na ubao mkononi. Akachomoa betri kutoka kwenye saa ya ukutani, ile ndogo ya kawaida. Fundi yeyote wa spika anajua jambo hili: ukigusisha betri kwenye waya wa spika, karatasi inaruka mbele au inarudi nyuma, na spika mbili zilizofungwa sawa huenda upande mmoja. Akagusisha ya kulia. Karatasi kubwa ikatoka mbele. Akagusisha ya kushoto vilevile. Ikarudi nyuma.

Akarudia mara tatu, Bosi akiangalia.

"Hakuna kilichoibwa," akasema Mama Besi. "Hizi zinavutana. Moja ikisukuma besi, nyingine inaimeza. Huku nyuma ya kushoto waya zimepishana, iliyotakiwa juu iko chini. Na waya zenyewe za fahari, zote rangi ya fedha, hazina nyekundu wala nyeusi ya kumsaidia mtu. Nani alizifunga?"

Vijana wa kiwandani walitazama sakafu, halafu, wajinga wale, wakatazama glavu nyeupe zilizokuwa juu ya kabati. Mchimba kisima alikuwa ameshaingia, lakini kwa bahati mbaya hakuingia peke yake.

Mama Besi akazibadilisha waya, akabonyeza kitufe cha muziki.

Jamani, tuseme ukweli. Zile spika zililia. Besi ilishuka sakafuni ikapanda kwa nyayo, ikakaa tumboni, na juu yake mwimbaji alikuwa palepale chumbani, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya neno. Mama Besi alikuwa amekesha na spika maisha yake yote na hakuwahi kusikia kitu kama kile. Machozi yalimtoka, na aliyachukia. Bosi alifumba macho, akaacha ubao uanguke, akatabasamu kama mtoto aliyerudishiwa mpira wake. Akaongeza sauti. Akaongeza tena.

"Sema kweli, fundi," akapaza sauti juu ya muziki. "Zina thamani ya pesa yangu, au hazina?"

Kupitia mlangoni Mama Besi alimwona mdogo wake amelaza kichwa begani, na damu ikimtoka kwenye sikio la kushoto, inatiririka polepole shingoni. Si damu ya ubao. Damu ya namna ile anaijua, ni ya kofi la kiganja wazi.

"Mfungue ndugu yangu," akasema. "Apelekwe hospitali."

"Ngoja kwanza wimbo uishe," akasema Bosi, na hakufungua macho.

Aliyafungua aliposikia mlio mwingine. Mama Besi alikuwa ametoboa spika ndogo ya juu, ile ya sauti nyembamba, kwa bisibisi mpaka mpini ukagota. Kisha akaichomoa bisibisi, akaweka ncha yake katikati ya karatasi ile kubwa iliyokuwa ikipumua besi.

Vijana wakaruka. "Msisogee," Bosi akawapigia kelele. "Msimshtue mkono."

"Hiyo ndogo nimeitoboa ili ujue sitanii," akasema Mama Besi. "Mfungue. Wewe mwenyewe, si hawa."

Na yule mtu, ambaye alfajiri ile mkono wake haukutetemeka juu ya uso wa mwenziwe, alianza kutetemeka. Akanyoosha viganja mbele. "Mama, tafadhali," akasema. "Tafadhali, taratibu na hiyo bisibisi." Watu waliomfanyia kazi miaka kumi na tano waliapa baadaye kwamba neno tafadhali walilisikia siku ile tu. Akaenda verandani kwa haraka, akapiga magoti, akapambana na fundo alilolifunga mwenyewe mpaka kucha ikamkatika. Wimbo ulikuwa bado haujaisha.

"Uliniuliza thamani," Mama Besi akamwambia alipomaliza. "Umeshajijibu."

Alitoka amemshika mdogo wake kiunoni, bisibisi mkononi, na hakuna aliyewazuia mpaka walipofika getini. Walipovuka tu, mlinzi alimpiga Mama Besi rungu la mgongo, kuonyesha kwamba naye yupo kazini. Alipepesuka lakini hakumwachia ndugu yake.

Jicho lilipona. Mbavu ziliunga. Sikio, daktari aliliangalia kwa kurunzi yake akatikisa kichwa, ndani kumekufa. Mama Besi alimuuliza mara mbili kama hakuna namna ya kushona, na daktari akamwelewesha mara mbili kwamba hakuna. Wiki ile hakufungua karakana.

Baada ya mwezi Bosi alituma mtu na ile spika ndogo iliyotobolewa, imefungwa kwenye kitambaa laini, pamoja na salamu za heshima. Waliomuuzia walikuwa wamemwambia angoje mwaka mzima kupata nyingine. Mama Besi aliigeuza mkononi. Kazi ile ni ya nusu saa. "Mwambie haishoneki," akasema, akairudisha, na hakuwahi kujuta uongo ule.

Mdogo wake sasa anashona spika pamoja naye. Jioni hufunga mlango wakarudi nyumbani kwa miguu, na kila siku kuna ugomvi mdogo, kwa sababu wote wawili hawana sikio la kushoto. Wakitembea sambamba, anayekaa kulia hamsikii mwenziwe hata neno moja. Kwa hiyo wamegawana njia. Mpaka darajani dada hukaa kulia akaongea, mdogo akasikiliza. Wakivuka daraja wanabadilishana.