Manukato ya Shangazi

Jumapili iliyopita, hapa Itetemia, binti mmoja wa kwaya aliketi karibu nami akinukia maua mepesi, kama miombo inapochanua kabla ya mvua. Namshukuru Mungu kwa mengi, lakini harufu ile ilinitia hasira hata sala ikanishinda.

Nilikuwa mdogo, kule Usoke. Mama alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye bani, kibanda chetu cha kukaushia tumbaku. Kabla ya ibada ya alasiri alioga mara mbili, akajisugua kwa ndimu, lakini harufu ya tumbaku haiondoki kwa ndimu. Kanisani, shangazi yangu aliyekuja kutoka Tabora mjini alimsogelea, akanusa.

"Wifi, hata bani nalo umelileta libatizwe?"

Benchi zima likacheka. Mama naye akacheka, kisha akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Nilidhani anafuata upepo. Mimi nikapanda mapajani mwa shangazi, nikalaza kichwa kifuani pake palipojaa manukato ya maua mepesi, nikaamini kwamba malaika hunukia hivyo.

Sikujua kwamba manukato yale baba alimnunulia dada yake baada ya kuuza tumbaku aliyoichambua mama, jani kwa jani.

Shangazi nimemsamehe. Nafsi yangu bado. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mama aliinama akaninusa utosini.

"Leo unanukia vizuri, mwanangu," akasema.

Nikamnyooshea mkono. Hakuushika, asije akaniharibia harufu.