Mfereji Niliouacha Wazi

Namshukuru Mungu, Mama Kavira anatembea tena, ndiyo maana naweza kusimulia. Siku ya salongo, kazi ya usafi ya mtaa wote, nilifunua mfereji mbele ya nyumba yangu nikasahau kuufunika. Mama Kavira, jirani yangu, akatumbukia, akavunjika mguu.

Mimi, mzee wa kanisa, nimefundisha miaka mingi kwamba aliyeacha shimo wazi ndiye atakayelipa. Niliposikia ndugu za Mama Kavira mlangoni, nilijificha kwenye kibanda cha mbuzi.

“Mama, hatuna kesi,” kaka yake alimwambia mke wangu. “Mugonjwa anaomba mzee aende kumuombea. Mzee iko wapi?”

Mbuzi akanikanyaga, nikapiga yowe. Kaka yule akafungua kibanda.

“Mzee,” akauliza kwa upole, “humu munaombea nani?”