Sanduku la Hija

Mama yangu alijua kufunga mizigo kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu wa Amu, na mpaka leo ustadi ule unaniudhi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa amepata nafasi mbili, yake na ya Mama, katika meli ya mahujaji itakayotoka Mombasa kwenda Jidda. Zilikuwa nafasi za sitahani, chini ya turubai. Abiria wa sitahani hula alichobeba, hulala juu ya alichobeba, na akiugua hujiuguza kwa alichobeba. Kwa hiyo kufunga mizigo haikuwa kazi ya siku moja. Mimi nilikuwa mwari, nimewekwa ndani tangu nivunje ungo, basi sikuwa na pa kwenda. Nilishinda naye chumba cha nyuma, sanduku la bati limeachama katikati yetu.

Mama hakuvumilia nafasi tupu. Ndani ya birika la kutawadhia alitia tangawizi kavu na iliki. Ndani ya viatu vya Baba alitia sabuni. Mchele aliushona katika mfuko mnene wa marekani, akasema ule ni mto mpaka uishe, na ukiisha watakuwa wameshafika. Mkate wa mofa aliukausha hata ukigongwa unalia. Papa mkavu alimfunga peke yake ndani ya gunia, mbali na nguo, kwa sababu nguo zilikuwa zimevukizwa udi na hakutaka kwenda kwa Mola wake ananuka samaki. Achari ya ndimu kwa kichefuchefu cha bahari, visheti kwa njaa ya safari. Sanda yake, ambayo mahujaji wetu huichukua wakaitosa katika maji ya Zamzam, aliiweka juu kabisa pamoja na kafuri. Bibi mmoja jirani, aliyekwisha kuhiji, alimwambia aifiche chini, si fali njema.

"Mwenye kuihitaji hawezi kuwaambia watu iko wapi," Mama alimjibu, akafunika sanduku.

Kwetu aendaye hija huomba radhi kwanza. Hupita nyumba hadi nyumba na kusema nisameheni, maana haki ya mtu haifutiki kwa kuzunguka Kaaba. Mama aliumaliza mtaa. Alifika mpaka mtaa wa Wiyoni, kwa mwanamke waliyewahi kugombana naye kwa ajili ya kuku. Akabaki mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kweli: dada yake mkubwa, khaloo yangu, aliyekaa ng'ambo, kisiwani Pate.

Kisa chao mimi nimo ndani yake, ingawa sikukitenda. Nyanya yangu alipokuwa anakata roho huko Pate, Mama alikuwa uzazini, amenizaa juzi, na mzazi hatoki kabla ya arubaini. Watu wazima walimkataza, naye akatii. Khaloo alimuuguza mama yao peke yake na kumkosha peke yake. Yasemekana nyanya alimuita Mama kwa jina mpaka ulimi ukamkataa. Tangu siku hiyo ndugu wawili wa tumbo moja walisalimiana kwa kutumiana watu.

"Pate utakwenda lini?" Baba alimuuliza.

"Nikimaliza kufunga."

Lakini alikuwa hamalizi. Akishafunga, hukumbuka kwamba stovu itavujisha mafuta, akafungua yote, akapanga upya. Siku moja aliona blanketi limekaa vibaya. Siku nyingine alitaka kupima uzito wa gunia, akanituma nilibebe mimi, nikalibeba, akasema limezidi. Nilidhani ni uhodari. Sasa mimi ni mtu mzima, na woga nikiuona naujua: Mama alikuwa anajificha ndani ya sanduku lile.

Meli ilipokaribia, alipika visheti vipya, akavitia katika bakuli la kauri, akalifunga kwa kitambaa cheupe na kumpa Baba.

"Tukua, umpe dadangu. Mwambie nataka radhi yake. Mwambie mizigo haiyesha, ningekwenda mwenyewe."

Baba alikwenda akarudi siku ya pili. Alisema amepokewa vizuri, amepewa kahawa, ameulizwa habari za kila mtu mpaka paka.

"Na radhi?"

"Alisema, nimesikia."

Mama alifungua fundo. Bakuli lilikuwa safi na halina kitu. Alipitisha kidole ndani yake, kuzunguka, mara moja. Sijui wengine wanafanyaje, lakini kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa utatia chumvi kidogo, utatia ndimu moja, hata jani la mrehani, mradi mwenzio ajue mkono wako bado umefunguka. Kurudisha chombo kitupu ni kusema kwa adabu lile ambalo mdomo umeona haya kulisema.

"Huenda amesahau," Baba alisema. Masikini, wanaume hubeba mabakuli, hawayasomi.

"Hasahau."

Baba alimleta maalimu akazungumza na Mama nyuma ya pazia. Alimwambia radhi ukishaiomba kwa moyo safi umetimiza wajibu wako, na hija ni faradhi. Mama alisema ndiyo, ndiyo, kwa sauti ndogo. Maalimu alipoondoka alianza kufungua sanduku. Alitoa vyake kimoja kimoja, akaacha vya Baba, akaviweka sawa ili visicheze njiani. Mfuko wa mchele alimwachia wote.

Baba alikwenda peke yake, akarudi, akaitwa Haji. Kila mwaka alimwambia, "Na twende," na kila mwaka Mama akajibu, "Bado." Pate hakwenda. Nikimbembeleza husema amekwisha kufukuzwa mara moja, hafukuzwi mara mbili. Nilimchukia Khaloo kwa roho yangu yote. Nilimuona mwanamke wa jiwe.

Kisha zikaja habari kwamba Khaloo ni mgonjwa, na nyuma yake, kabla hatujapata chombo cha kutuvusha, habari kwamba amefariki. Wakati huo nilikuwa nimeolewa, nikafuatana na Mama. Bahari ilikuwa imekupwa, tukaselelea njiani tukingoja maji yajae. Tulipofika Pate walikuwa wamekwisha kuzika. Kwa mara ya pili, kama alipofiwa na mama yake, Mama alikuta mkeka wa mgonjwa umekunjwa.

Tulikaa na wanawake wa matanga. Mmoja wao, jirani aliyemuuguza Khaloo, alisogea karibu na Mama na kumwambia, bila ubaya wowote, ya siku ile Baba alipokuja na visheti.

"Hakuvila. Alivigawa kwa watoto. Alisema, bakuli haliombi radhi. Na aye mwenyewe, tuonane mato kwa mato, nitampa radhi yeo hiyo hiyo. Alikaa akikungoja uje. Kila chombo kikitoka Amu aliuliza ni nani aliyeshuka."

Nilimtazama Mama. Nilitaka alie ili nimshike. Hakulia. Alivuta buibui lake likafika mbele ya uso. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza mafuta ya taa yanauzwa wapi:

"Basi sasa nimuombe nani?"

Wale wanawake walitazama mikono yao. Kahawa ikaletwa, wakampa yeye kikombe cha kwanza kwa kuwa ndiye mfiwa.